Gome la Mti wa Yohani

Ukitaka kumjua Ernestine, nenda kisimani asubuhi. Pale kitongojini kwao Litapunga, ndoo yake ndiyo ya kwanza kuingia majini, na sauti yake ndiyo ya kwanza kusikika. Hamwachi mtu apite bila utani.

"Jeniffer, leo umeamka au umeamshwa?"

"Nimeamshwa na njaa, mama Cletus!"

Wanacheka. Kisha wanabeba maji kwenda bustanini.

Bustani hiyo ni ya kikundi cha akina mama. Kila mama ana matuta yake, lakini kisima ni cha wote, na shida ni za wote. Ernestine ndiye mwenyekiti. Kiwanja walipewa na mama mkwe wake, Capitoline. Ernestine humwita mabukwe, kama Warundi wanavyowaita mama wakwe zao.

Capitoline alifika Tanzania akiwa msichana aliyeolewa juzi tu. Yeye na mumewe Yohani walikimbia vita Burundi. Walipoonyeshwa mahali pa kukaa, Yohani hakuanza na nyumba. Alitafuta tawi bichi la umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, akalichomeka ardhini. Kwao, boma lisilo na umuvumu halikuwa boma. Tawi likashika, likawa mti. Majirani wakaja kuomba matawi, nao wakachomeka kwao. Leo karibu kila ua pale kitongojini umetoka kwenye mti ule. Kabla kigango hakijajengwa, watu walisali Jumapili chini yake. Yohani alikwisha kufariki, lakini mti bado unaitwa mti wa Yohani.

Sasa mti huo ulikuwa umeleta maneno. Matuta yaliyo karibu nao yalikuwa yanageuka manjano. Nyanya zilirefuka bila kuzaa. Sukuma wiki ilijikunja.

"Huu mti unatunyonya," Jeniffer alilalamika. "Kivuli kimekaa kwenye nyanya zangu kama mgeni asiyejua kuaga."

Akina mama walikwenda kwa Capitoline kuomba mti ukatwe. Bibi yule hakuinuka hata kutoka kwenye kigoda chake.

"Nikifa mtaukata," alisema. "Sasa hivi bado napumua."

Wakarudi bustanini. Hapo ndipo Jeniffer alipomvuta Ernestine pembeni.

"Tusiukate," alinong'ona. "Tubandue gome, tuzungushe mti mzima. Utakauka wenyewe polepole. Mama atadhani ni uzee tu."

Ernestine alijua si vizuri. Moyo ulikataa, lakini mdomo ukasema ndiyo. Wanachama walikuwa wanamlaumu kila siku, naye alichoka kulaumiwa.

Basi asubuhi moja, Capitoline alipokwenda kwenye sala ya jumuiya, wanawake wale wawili walichukua panga. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, na mti ulikuwa umejaa maji. Gome lilibanduka kwa urahisi, kama ganda la ndizi mbivu. Upande mmoja tu, mkono wa Jeniffer uliteleza, panga likazama ndani ya mti. Utomvu mweupe ukatiririka. Mara shina likabaki na ukanda mtupu kulizunguka, mpana kama mkanda wa mwanajeshi, mweupe, unaong'aa.

"Tumemaliza," Jeniffer alisema. Hakuna aliyecheka.

Ernestine alikwenda kunawa. Utomvu haukutoka. Alisugua kwa mchanga, akasugua kwa majivu, vidole vikazidi kunata. Akawaza, mabukwe akirudi sasa hivi nitamwambia nini?

Mara akasikia pikipiki. Ni Glory, bibi shamba wa kata.

"Ai, dada Glory!" Ernestine alisema, akaficha mikono nyuma. "Si ulisema wiki ijayo?"

"Napita kwenda kijiji cha pili, nikaona nianze na nyie. Haya, nionyesheni hayo matuta yanayoumwa."

Glory alichuchumaa kwenye tuta la Jeniffer. Alichimba kwa kidole, akanusa udongo.

"Samadi mliitoa wapi?"

"Zizini."

"Lini?"

"Siku ileile tulipopanda," Jeniffer alisema. "Tulilundika hapa karibu na mti, penye kivuli. Hapa ndipo tuliweka nyingi zaidi."

Glory akatikisa kichwa. "Basi mgonjwa tumempata. Samadi mbichi ina moto, jamani. Inaunguza mizizi ya mboga. Inatakiwa irundikwe, ifunikwe, ioze mpaka ipoe na ikose harufu. Hilo la kwanza. La pili, nyanya inataka jua. Mmeipanda kivulini, itazaaje? Hamisheni nyanya kule kwenye jua. Hapa chini ya mti wekeni kitalu cha miche, maana miche michanga haipendi jua kali. Wekeni na magimbi. Na msichimbe karibu na shina, mtakata mizizi. Mti wenu hauna kosa lolote."

Mti hauna kosa! Ernestine akamtazama Jeniffer. Jeniffer akatazama chini.

"Tena mna bahati," Glory aliendelea, akiwa ameanza kutembea. "Kisima chenu kiko kwenye udongo wa kichanga. Ukuta wake umeshikwa na mizizi ya mti huu. Nilishaona kisima kama hiki kule nilikotoka. Waliukata mti, mizizi ikaoza, mvua mbili tu ukuta ukaporomoka. Kisima kikawa tope. Bustani ikafa."

"Dada Glory, njoo kwanza unywe uji," Ernestine alisema haraka.

"Nitakunywa. Ngoja niuone."

Akazunguka shina. Akasimama.

"Nani kafanya hivi?"

Ernestine angeweza kusema hajui. Angeweza kuwasingizia watoto. Lakini alitoa mikono yake nyuma, akaionyesha. Utomvu ulikuwa umekauka vidoleni.

"Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Tulidhani unatunyonya."

"Na mimi," Jeniffer akadakia kwa sauti ndogo.

Glory hakuwagombeza. Uso wake ulikuwa umejaa wasiwasi, na hilo liliwatisha kuliko kugombezwa.

"Sikilizeni," alisema. "Majani ndiyo yanayopika chakula cha mti. Chakula hicho kinashuka kwenda kwenye mizizi kwa kupitia gome. Mkibandua gome mzunguko mzima, mmekata njia. Majani yatabaki kijani kwa muda, mtu atadhani mti ni mzima. Kumbe huku chini mizizi inakufa njaa. Miti mingi haiponi. Mninga ukifanyiwa hivi, hesabu umekwisha."

"Na huu?" Ernestine aliuliza.

Glory aligusa sehemu iliyo tupu. Bado ilikuwa na ute. "Mmekwangua?"

"Hapana. Tumebandua tu. Ni hapa peke yake panga liliingia."

"Basi kuna tumaini dogo. Miti ya jamii hii ina tabia yake. Nimefundishwa kwamba kule Uganda watu huibandua gome wakatengeneza nguo, na gome huota tena. Lakini hiki kiute kisikauke. Jua likikipiga, kwaheri. Wanafunika shina, ila mimi mwenyewe sijawahi kufanya. Sijui wanaanzaje, wanafunga vipi. Hapa kuna mtu anayejua?"

Ernestine alijua yupo. Mabukwe alikuwa na baba mdogo huko Burundi, fundi wa impuzu, nguo za gome. Alikuwa akiwasimulia wajukuu habari zake. Kwa hiyo mtu aliyepaswa kufichwa kuliko wote ndiye aliyehitajika kuliko wote.

Alitazama juu. Mawingu yalikuwa yanaanza kuachana.

Alikimbia. Alipita nyumba za jirani bila kusalimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe. Alimkuta Capitoline njiani, rozari mkononi, anarudi kutoka kwenye sala. Ernestine akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mabukwe, nimekukosea. Nimebandua gome la mti wa baba. Nilitaka mti ufe, wewe udhani ni uzee. Nisamehe. Nimekosa."

Capitoline aliegemea fimbo yake ya kutembelea, akimtazama. Ernestine aliona afadhali angepigwa kwa fimbo ile.

"Lini?" bibi aliuliza mwishowe.

"Asubuhi hii."

"Mmekwangua?"

"Hapana."

"Jua limeupiga?"

"Bado kidogo."

"Inuka," Capitoline alisema. "Kalete kisu. Majani ya mgomba, yale mabichi mapana. Usiyachane."

Alitembea haraka kuliko Ernestine alivyowahi kumwona akitembea. Walipofika, Jeniffer na Glory walikuwa wametandaza kitenge kuzuia mwanga. Capitoline aliliona shina. Akaweka kiganja chake juu ya jeraha, hewani, bila kuligusa.

"Mtu asishike hapa kwa vidole," alisema. "Baba mdogo alikuwa anatupiga tukishika."

Akawaonyesha. Majani yalipangwa kutoka chini kwenda juu, moja likilalia lingine kama vigae, maji ya mvua yasiingie. Yalifungwa kwa kamba za mgomba, zisikaze sana, zisilegee sana. Glory alisaidia kufunga huku akiuliza maswali, na bibi akamjibu kila moja. Ernestine hakuuliza kitu. Alipitisha majani tu.

"Yakikauka, tunaongeza mabichi juu yake," Capitoline alimwambia Glory. "Na kufunua mapema ni marufuku."

Kabla ya kuondoka, Glory aliwashauri wakate matawi machache na kuyachomeka kuzunguka kisima. "Huu ukipona, tumshukuru Mungu. Usipopona, watoto wake watashika ukuta. Ila msianze kubandua miti mingine mkitegemea majani ya mgomba. Hii ni bahati, si dawa ya kila mti."

Kikaanza kipindi kigumu. Ernestine aliamka kila siku roho juu. Kabla ya salamu, kabla ya uji, alitazama juu kwenye matawi. Jani moja likianguka, alilipima kwa macho: ni la manjano au la kijani? Yakaanguka mengi. Utani wake kisimani ukaisha. Majirani wakadhani anaumwa.

Capitoline naye alipika peke yake, akala peke yake. Akiulizwa habari za asubuhi alijibu "nzuri." Zaidi ya hapo, kimya. Salvatori, mume wa Ernestine, alijaribu kumwombea mkewe msamaha.

"Mwache mama yako," Ernestine alimwambia. "Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nitafanya kazi."

Na kazi waliifanya. Aliitisha kikundi chote, akasema kosa lake mbele ya kila mtu. Wengine waliguna, kwa sababu hata wao walikuwa wanataka mti ukauke. Kisha wakahamisha nyanya kwenye jua. Wakarundika samadi mbali na mti, wakaifunika kwa nyasi ioze. Majani makavu yaliyokuwa yakichomwa, sasa waliyatandaza kwenye matuta, udongo ukatunza unyevu. Chini ya kivuli wakaweka kitalu, na miche ikatoka yenye afya.

Mvua ziliisha kabisa. Kiangazi kikaingia na upepo wake wa vumbi. Siku moja Capitoline alikuja bustanini bila kuitwa. Akina mama wakaacha majembe.

"Leo tufungue," alisema.

Alifungua kamba ya kwanza. Ernestine hakuweza kutazama. Alisikia majani makavu yakianguka, moja, lingine, lingine. Kisha akasikia Jeniffer akipiga kigelegele.

Akafungua macho. Juu ya shina kulikuwa na ngozi mpya, laini, ya kijani hafifu. Ilikuwa imezunguka karibu pote. Pale tu panga lilipozama ndipo palibaki kidonda kikavu, cheusi, kisichofunga. Njia ya chakula ilikuwa imefunguka tena. Ernestine alikaa chini akalia mbele ya watu, hakuona aibu.

Capitoline alitazama kile kidonda cheusi kwa muda, akachukua fimbo yake, akarudi nyumbani bila kumtazama Ernestine.

Kiangazi kile mboga zilikuwa adimu kitongojini, lakini si kwa kikundi. Kisima hakikuporomoka. Mchicha ulikatwa ukachipua, ukakatwa tena. Watoto walikula mboga kila siku, na zilizobaki zilipelekwa sokoni Kashaulili, mjini. Jeniffer alipojifungua, hakuna tuta lake lililokauka. Wenzake walimmwagilia mpaka aliporudi, amembeba mtoto mgongoni.

Habari zikafika mjini. Kikundi cha akina mama kutoka Nsemulwa kilikuja kujifunza. Ernestine aliwatembeza kote: samadi, kitalu, matuta. Mama mmoja, jina lake Verdiana, akasimama kwenye shina.

"Mti mzuri hivi," alisema, akionyesha kovu. "Nani aliyeukata?"

Jeniffer akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na kandambili. Wageni wote walikuwa wanamtazama Ernestine. Akafungua mdomo.

"Ni mi..."

"Ni sisi," sauti ilisema nyuma yake.

Capitoline alikuwa amesimama pale, ameegemea fimbo. Akasogea mpaka karibu na mkwe wake, akamshika mkono mbele ya wageni.

"Tuliukata sisi," alisema, "na tukauuguza sisi. Haya Ernestine, mwanangu, waonyeshe na nyanya."