Mota Zilizotoka Bwawani

Kioo cha mlango wa dereva kilipanda chenyewe, taratibu, mpaka kikaziba, na wakati huo betri ya pikapu ilikuwa juu ya benchi, upande wa pili wa gereji. Fundi Domo akakitazama kioo. Akaitazama betri. Kisha akatangaza, ingawa hakuna aliyemuuliza, kwamba umeme huwa unabaki kwenye waya, na anayebisha akasome.

Jina la Domo alilipata kwa haki. Watu wachache sana waliwahi kumaliza sentensi mbele yake, na mkewe hakuwa mmoja wao. Wakigombana, na sababu haikukosekana, Domo alimfungia chumbani kwa nje, akatia ufunguo mfukoni, akaongeza sauti ya redio ili majirani wasisikie mlango ukigongwa. Akirudi jioni alifungua na kuuliza kuna chakula gani. Kwa watu wa nje alikuwa mcheshi kwelikweli.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mama mkwe, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Aliitumia kubebea miche ya kuuza. Bega lake lilikuwa bovu, na kuzungusha ule mkono wa kupandishia kioo kulimtoa machozi. Domo akajitolea kumwekea vioo na kufuli za umeme bila malipo, na alijitolea mbele ya watu, ili wema wake usipotee bure.

Mota akazifuata kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Mwenye uwanja, mtu wa makamo waliyemwita Kipara, alikuwa na gari moja lililoopolewa bwawani. Lilitumbukia na familia nzima ndani, vioo vimepandishwa na milango imejifunga. Tope lilikuwa bado halijakauka kwenye viti.

"Subiri kwanza nivunje vioo," Kipara akasema. "Gari la namna hii halitolewi kitu kabla halijavunjwa vioo."

"Ukivunja, vipande vitaingia kwenye meno ya mota. Utaniharibia mali."

"Fundi, humo kuna mwenyewe. Lile bwawa lina jini, na siku ile aliingia na maji. Lazima apewe pa kutokea. Mimi hutupa jiwe nikiwa nimegeuza mgongo, naondoka, sitazami nyuma. Kwa sababu akitoka, uso wa kwanza kuuona ndiyo nyumba yake."

"Jini gani huyo, anashindwa kutoka kwenye mkweche mpaka afunguliwe na Kipara?" Domo akasema, akacheka peke yake, akaingiza bisibisi kwenye paneli ya mlango.

Kazi ilimwendea vizuri, hilo tumpe. Alizifunga mota, akapitisha nyaya, akaziunga na kufuli. Mama mkwe alipopita kuona, aliomba jambo moja tu.

"Baba, niachie ule mkono wa zamani, hata upande mmoja. Nitapata moyo."

"Mama, siku hizi nani anazungusha kioo kama anasaga mahindi? Niachie mimi."

Akaing'oa mikono yote miwili na kuitupa kwenye lundo la vyuma.

Tangu hapo gereji ilinuka tope. Domo alimwaga petroli sakafuni, akafagia, harufu ikarudi. Kufuli zilijifunga zenyewe mchana kweupe, tak, milango yote kwa pamoja, kisha kimya. Mkewe alipomletea chakula alisimama karibu na ile pikapu, akainamisha kichwa.

"Kuna mtu anagonga ndani ya huu mlango," akasema chini kwa chini.

"Wewe kila mlango unasikia kugongwa," Domo akamjibu, na akacheka tena.

 Lakini mkewe aliujua mlio ule kuliko mtu yeyote, maana aliyegonga hakutumia ngumi, alitumia kiganja, kama afanyavyo mtu ambaye ngumi zimeshamuuma na bado hakuna aliyekuja. Akaondoka bila kuchukua vyombo.

Siku ya kukabidhi, jua likiwa utosini, mama mkwe akaketi kwenye usukani katikati ya miche yake, mlango ukafungwa. Domo akasimama nje, mkewe kando yake, akatoa maelezo, na maelezo yalikuwa marefu. Mama akabonyeza swichi ya kushusha. Vioo vyote viwili vikapanda. Tak.

"Bonyeza tena, mama."

"Nimebonyeza, baba. Humu ndani kuna maji."

"Maji gani, mama, na jua lote hili? Tulia. Ni waya tu."

Lakini maji yalikuwepo, meusi, yakichemka chini ya pedali na kufunika viatu vya yule mama, kisha magoti, kisha mapaja, bila tone moja kudondoka nje penye vumbi kavu, na Domo akafungua boneti akachomoa betri na kuirusha chini huku akirudia kwamba ni waya tu, ni waya tu, na mota zikaendelea kunguruma bila betri, zikikaza vioo vilivyokwisha kukazwa, na mkewe akang'ang'ania kitasa akilia mama, mama, naye mama ndani akitafuta kwa mkono wake mzima ule mkono wa kuzungushia kioo aliouomba, akipapasa tundu tupu ulipokuwa, kisha akigonga kioo kwa viganja vyote viwili, maji yamemfika kidevuni, na pembeni yake, kwenye kiti ambacho hakikuwa na mtu, kiganja cha tatu kikatokea na kuanza kugonga kioo pamoja na vyake.

Hapo Domo akachukua spana ya magurudumu. Tusimdhulumu: alikwenda kumwokoa mama wa watu. Huenda ndilo jambo jema pekee alilowahi kufanya bila kusubiri kusifiwa. Ila hakugeuza mgongo. Domo hakuwahi kumpa mtu mgongo akiwa bado ana la kusema. Aliusogeza uso kwenye kioo, mdomo wazi, katikati ya neno, akapiga.

Kioo kikamwagika. Maji hayakutoka. Mlango ukaachia, mama akadondoka nje akiwa mkavu, viatu tu ndivyo vimelowa. Domo alibaki amesimama, macho yamemtoka, halafu taya lake la chini likapanda taratibu, bila haraka, mpaka meno yakakutana. Tak.

Hajasema neno tangu siku hiyo. Anafanya kazi vizuri kuliko zamani, na wateja wanamsifu kwamba amekua. Anarudi nyumbani mapema na kukaa alipoelekezwa. Ufunguo wa chumba aliutoa mfukoni mwenyewe, akautundika msumarini. Ananuka tope kidogo tu, kwenye joto.

Mkewe alipomwegemea kifuani ndipo aliposikia. Kiganja, si ngumi.

Akamwita Kipara. Kipara aliweka sikio kwenye kile kifua kwa muda mrefu, na yule mwenye kifua akamwangalia kwa upole bila kupepesa.

"Wako wawili," Kipara akanong'ona. "Mmoja anaendesha, mmoja anagonga. Anayegonga ndiye mumeo."

"Anaweza kutolewa, yule mwingine?"

"Leo hii. Nayaweza haya. Nataka tu ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni wewe."

Mwanamke akautazama ufunguo msumarini. Akamtazama mumewe, aliyekuwa ameketi kwa adabu, mikono magotini. Kugonga kukazidi, kwa kasi, kwa viganja viwili.

"Acha kwanza," akasema.

"Dada, anasikia ujue. Anasikia kila tunachosema."

"Najua," akasema. "Hata mimi nilikuwa nasikia."

Akainuka, akaongeza sauti ya redio, kisha akamuuliza Kipara kama atakula.