Saumu ya Sigara

Mtaa wa Buyenzi huamka na nyundo. Kabla jua halijakolea, mafundi wa magari wameshaanza kugonga mabati, na anayetaka kuendelea kulala ajue hilo ni tatizo lake. Katikati ya kelele hizo palikuwa na chumba kimoja chenye sauti tofauti, sauti ya cherehani zikienda mbio. Hapo ndipo alipofanyia kazi mzee Tajudini, fundi nguo.

Tajudini alikata vitambaa, akazungumza na wateja, akavuta sigara. Mkononi mkasi, mdomoni sigara; ndivyo alivyojulikana mtaa mzima. Karibu naye alikaa Jaffar, fundi wa suruali, mvutaji kama yeye na mtu wa masihara. Pembeni, chini ya taa, alikaa Assia, mpwa wa Tajudini. Assia hakuvuta. Kazi yake ilikuwa kutarizi kanzu na nguo za maharusi, na kwa kutarizi hakuna aliyemfikia. Hata mjomba wake alikubali, ingawa kwa shida.

Ilikuwa miaka ya vita. Usiku milio ya risasi ilisikika kutoka milimani, na jioni kila mtu aliwahi kwake kabla ya saa ya kukatazwa kutembea. Dirisha pekee la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa bati tangu vurugu zilipoanza, kwa kuogopa risasi za kupotea. Bati lilizuia risasi, sawa. Lilizuia na hewa pia. Moshi wa sigara ulipanda, ukagonga dari, ukarudi kukaa na watu.

Assia alikohoa. Asubuhi kidogo, mchana zaidi, na ikifika alasiri kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Jaffar naye hakumwonea huruma, kwa sababu alipenda kuchekesha. Alitoa kisa, Assia akaanza kucheka, na katikati ya kicheko kikohozi kikaingia. Kicheko chake hakikufika mwisho hata siku moja. Wakati mwingine mkono uliteleza, sindano ikapita mahali isipotakiwa, na kazi ya asubuhi nzima ikafumuliwa.

Mumewe, Shaabani, aliuza vipuri vya magari mtaa wa pili. Alimpenda mkewe, na alikuwa amechoka kusikia kifua kile kikilia usiku.

"Assia, kama hiyo kikohozi haiishi, utaacha kazi," alimwambia. "Utakaa nyumbani upumuzike."

"Nikae nyumbani nifanye nini? Mi niko fundi."

"Fundi mwenye kufa iko na faida gani?"

Assia alijua Shaabani hasemi kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kushona ndiyo kazi aliyoipenda tangu usichana wake. Hakutaka kuiacha.

Akaenda zahanati. Muuguzi wa pale, Geneviève, ambaye alishonewa nguo zake kwa Tajudini, alimpima makohozi.

"Si kifua kikuu," alimwambia majibu yalipotoka. "Hiyo ni habari nzuri. Lakini kuna kitu kinachochokoza kifua yako. Lazima tukitafute."

Kabla hawajakipata, Ramadhani ikaingia. Na ajabu ikatokea. Siku za mwanzo kikohozi kilipungua, kisha kikaisha kabisa. Assia alishona mchana kutwa na njaa yake, kifua kikiwa chepesi. Habari zikaenea Buyenzi kwamba saumu imemponya Assia. Majirani wakashukuru. Shaabani naye akaacha maneno yake ya kukaa nyumbani.

Idi ikaja. Watu wakala, wakavaa, wakatembeleana. Kazi zilipoanza tena, Tajudini aliwasha sigara, Jaffar akawasha ya kwake, na kabla ya adhuhuri Assia alikuwa anakohoa.

Nani angelaumu sigara? Hakuna. Assia mwenyewe alisema, "Ni juu ya vile nimekula mchana. Nitafunga tena." Akaanza kufunga zile siku sita za hiari za Shawali. Akafunga, na akakohoa. Watu wakashangaa. Saumu ile ile, mtu yule yule, mbona dawa imegoma? Jirani mmoja akasema pengine safari hii nia yake haikukaa sawa. Assia alirudi nyumbani akalia. Kuumwa kifua ni taabu ya kutosha. Kusingiziwa nia mbaya juu yake ni kumwonea mtu.

Kesho yake Geneviève alikuja kuchukua gauni lake. Alimkuta Assia ameinamia cherehani, akikohoa, na nguo ya bibi harusi iko nusu mbele yake. Bi Fatouma, mke wa Tajudini, alikuwa anawamiminia wanaume chai.

"Assia, si uliniambia umepona?" Geneviève akauliza.

"Nilipona, madamu. Saumu iliniponesha. Sasa nafunga tena, lakini haisaidii."

Geneviève hakuwa Mwislamu, kwa hiyo aliuliza swali ambalo pale ndani hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mukifunga, munaacha nini?"

Jaffar akadakia. "Chakula. Maji. Mambo ya bibi na bwana, kwa mchana. Na si..."

Akasita. Akaitazama sigara iliyokuwa kati ya vidole vyake.

"Na sigara," akamaliza polepole.

"Kwa Ramadhani, nani alikuwa anafunga humu ndani?"

"Sisi wote."

"Na sasa?"

"Assia peke yake."

Jaffar akaishika sigara mbali kidogo na mwili wake.

"Kumbe, Assia, si saumu yako ilikuponesha," akasema. "Ni saumu ya sigara yetu."

Tajudini hakupenda hata kidogo. "Mi ndio navuta," akasema. "Moshi inaingia kwa kifua yangu. Yeye anakohoa ya nini?"

Geneviève akavuta kiti akakaa. "Mzee Tajudini, we unameza kidogo tu ya ile moshi. Ingine inatoka kwa ncha ya sigara, ingine unaitoa na mudomo. Yote inabaki humu. Assia anaivuta kutwa, na hajashika sigara. Inachoma njia ya pumzi. Inaharibu mapafu na moyo, yake na yako. Mutoto mudogo akiivuta, anaumwa kifua. Mama mwenye mimba akiivuta, mutoto wa tumboni anaumia."

"Basi tutoe ile bati kwa dirisha."

"Muitoe, hewa ni nzuri. Lakini dirisha haimalizi moshi. Feni ya umeme nayo inaizungusha tu. Sigara itoke inje, mbali na mulango. Hakuna dawa ingine."

Tajudini akacheka, lakini bila furaha. "Madamu, watu wanakufa na risasi kila siku. Na sisi tuogope moshi?"

Hilo lilikuwa neno zito. Miaka ile kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumlilia. Aliyejibu ni Assia, na hakuwa na desturi ya kujibizana na mjomba wake.

"Mjomba, risasi hatuwezi kuikataza. Hakuna mwenye anatuuliza. Lakini hii sigara iko kwa mukono yako."

Tajudini aliitazama mikono yake. Kisha akajaribu njia nyingine. "Na wateja je? Mzee Talal akija na sigara yake, mi nimufukuze?"

Mzee Talal alikuwa na duka kubwa la vitambaa. Ukoo wake ulitoka Omani zamani sana, na mtaani aliheshimiwa na wote.

"Umuambie kwa adabu," Geneviève akasema. "Mutu mwenye heshima anasikia."

"Basi afadhali nivute nyumbani kwangu."

Hapo Bi Fatouma akaweka birika chini.

"Nyumbani kwako nani anakaa?" akauliza. "Kwa Ramadhani ulikuwa unavuta nyumbani tangu futari mpaka kulala. Mi nikakohoa mwezi muzima. Nikasema ni moshi ya mafuta ya sambusa. Nikaacha kupika sambusa."

Tajudini akageuka. "Ndio maana hatukula sambusa?"

"Ndio maana."

Jaffar alicheka mpaka akashika meza. Tajudini hakucheka. Mambo ya mapafu na moyo alikuwa ameyavumilia yote, lakini Ramadhani nzima bila sambusa, tena kwa kosa lake mwenyewe, ilimshinda. Akaitupa sigara chini, akaikanyaga.

"Basi," akasema. "Humu ndani sigara imefunga. Na si mpaka magharibi. Imefunga moja kwa moja."

Alasiri ile walikata bati la dirisha. Nusu ya chini ikabaki, nusu ya juu ikatoka, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kufika kwa miaka. Wakaweka benchi nje, mbali na mlango, kwa ajili ya wanaovuta. Jaffar akachukua kile kipande cha bati akakipaka rangi, akaandika maneno kwa herufi kubwa, akakitundika mlangoni.

Kesho yake asubuhi hakuja mteja. Watu walifika mpaka mlangoni, wakasimama, wakageuka. Tajudini alikaa na mkasi wake akiwatazama dirishani wakienda zao.

"Mumeona?" akasema. "Niliwaambia. Wateja wamekimbia."

Assia aliendelea kushona bila kuinua kichwa. Aliogopa. Kama wateja wangepotea, mjomba angerudisha sigara, na yeye angerudi nyumbani kwa Shaabani na kikohozi chake.

Karibu na adhuhuri akaja mzee Talal, sigara mkononi. Alisimama mlangoni, akatega sikio, akasukuma mlango, akaingia.

"Asalaam aleikum. Namna gani mumefunga na cherehani zinalia?"

"Nani amefunga, mzee?" Tajudini akauliza.

"Si mumeandika hapa mulangoni?"

Wote wakatoka kusoma. Bati la Jaffar lilisema: HUMU TUMEFUNGA. Basi, hakuna zaidi. Jaffar alikuwa na haraka ya kwenda swala, na aliona kila mtu ataelewa.

"We Jaffar," Tajudini akasema, "umefunga duka yangu."

Kisha akaiona sigara ya Talal. Akamtazama Assia, na Assia akamtazama yeye. Tajudini akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta maneno.

"Mzee Talal, utusamehe. Duka haijafunga. Ni sigara ndio imefunga. Ikae inje, kama viatu kwa musikiti. Assia anaumwa na moshi."

Talal aliitazama sigara yake, kisha akamtazama Tajudini, mtu asiyewahi kuonekana bila moshi maisha yake yote.

"Hata kwako?" akasema. "Mi bibi yangu amenikataza kuvuta kwa sebule. Nilikuja huku kujificha."

Akaenda kuimalizia kwenye benchi, akarudi na kitambaa cha kanzu mbili. Jaffar alikuwa tayari juu ya ngazi na brashi yake. Bati likawa linasema: HUMU TUMEFUNGA SIGARA. MLANGO UKO WAZI. Mchana ule wateja walijaa.

Nguo ya bibi harusi ilikamilika, na haikufumuliwa mahali popote. Nguo zikaacha kunuka moshi, na wateja walilisema hilo bila kuulizwa. Nyumbani, Shaabani alilala usingizi wake wote na hakutaja tena habari ya kuacha kazi. Jaffar alichoka kunyeshewa na mvua kwenye benchi, akapunguza sigara, kisha akaacha. Tajudini bado anavuta, lakini nje, na Bi Fatouma amerudi kwenye sambusa zake.

Siku moja Jaffar alikuwa anaigiza jinsi Tajudini alivyotoka kusoma bati mlangoni, uso umekunjamana kama suruali isiyopigwa pasi. Assia akaanza kucheka. Tajudini akaacha kukata. Jaffar akanyamaza. Wote wawili walisubiri kikohozi, kwa mazoea tu.

Hakikuja. Assia alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa pembe ya mtandio, akacheka tena kidogo, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Akavuta pumzi ndefu, akashika sindano, akaendelea na kazi.