Bi Banu Haitiki Naam

"Mwani umekauka," ilisema sauti kwenye kifaa cha sikioni.

"Nnauanua," Shariffa alijibu, akaipindisha Vespa yake mbele ya majumba ya Michenzani.

Maana yake unga wa kulevya unatoka leo, kwa boti ya mchana ya Dar, bandarini Malindi.

"Umo ndani ya roboti ya yule msichana," aliendelea Mkubwa, bosi wake wa idara ya kupambana na dawa za kulevya. "Mwache avuke. Dar watamkamata nao."

"Marziya hajui kitu, Mzee!"

"Ndio ushahidi tulionao."

Ushahidi! Shariffa alisaga meno. Muhula mzima alijifanya mwanafunzi anayesubiri uhamisho, akajiunga na klabu ya roboti, akaungua vidole kwa chuma cha kulehemu, yote ili amnase Anton, mkufunzi wa kigeni aliyeifadhili klabu. Leo Anton aende zake, afungwe Marziya Gulamabbas, anayehamia chuo cha uhandisi ng'ambo? Kosa lake nini, kujua kuunda?

Alivuta mafuta mpaka mwisho.

Marziya alikuwa kwenye foleni ya boti, amekumbatia sanduku. Nyuma yake Anton, tiketi mkononi, Ray-Ban usoni, anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

"Da' Shariffa! Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kumuaga Bi Banu. Mwashe."

"Hapana," Anton alidakia. "Chaji itaisha. Nimemwambia asimwashe mpaka afike."

"Nani kakuuliza wewe?"

Bi Banu ni roboti ya kunusa mvua na kuwaonya kina mama wa Matemwe waanue mwani wao. Marziya aliipa jina la bibi yake, na sauti ya bibi yake, aliyoirekodi kabla hajafariki. Ukiiita, inaitika.

Marziya alifungua sanduku, akabonyeza swichi.

"Bi Banu!"

"Naam," iliitika roboti.

Sauti ya kiume, tena ya kigeni.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi gani huyo wa kuitika naam? Mwanamke huitika abee!

Marziya hakucheka. Aligeuka polepole.

"Hiyo sauti yako, Mwalimu. Bibi yangu umempeleka wapi?"

Ili apate nafasi ya kuficha unga, Anton alikuwa ameing'oa bodi, ndiyo ubongo wa roboti, akatia bodi yake ndogo ya akiba aliyoijaribia kwa sauti yake mwenyewe. Kiswahili alijifunza kitabuni, na kitabu hakikumwambia kwamba Bi Banu haitiki naam.

Mkono wake uliingia ndani ya koti.

Beretta ya Shariffa ilikuwa imeshamgusa shingo.

"Utoe," alisema kwa hasira. "Nnakuomba uutoe na bastola yako, nipate sababu."

Anton aliinua mikono. Ndani ya koti mlikuwa na Glock. Mfuko wa pili, bodi ya Marziya, aliyokusudia kuirudisha baada ya kushusha mzigo wake ng'ambo.

Polisi wa bandari walifika mbio. Shariffa aliwaonyesha kitambulisho, akafungua tumbo la roboti kwa bisibisi. Vifurushi vya unga vikaanguka sakafuni. Askari mmoja akamshika Marziya mkono.

"Huyu naye twende naye."

"Mwachie! Mwizi mmeshampata, mnataka na aliyeibiwa?"

Askari alimwachia.

Marziya aliirudisha bodi mahala pake mwenyewe. King'ora cha boti kililia.

"Bi Banu!"

"Abee, mwanangu." Sauti ya kizee, yenye mikwaruzo.

Hapo ndipo Marziya alipolia. Alilia huku anakimbilia boti, sanduku kifuani.

Shariffa alisubiri kamba zifunguliwe.

"Shariffa! Umefanya nini?" Mkubwa alifoka sikioni. "Si nilikwambia umwache avuke?"

"Kavuka, Mzee."

Alikichomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni, akawasha Vespa.

"Shariffa! We Shariffa!" iliita sauti mfukoni.

Hakuitika abee wala naam.