Usukani wa Lori la Aidah

Mutwalibu alikuwa na hakika kwamba usiku aliliacha lori la kuchezea likiwa limeangalia mlango. Asubuhi, alipoingia chumbani kumbeba Aidah ampeleke barazani, alilikuta palepale, halijasogea hata kidogo, lakini magurudumu yake ya mbele yalikuwa yamekunjwa kushoto mpaka mwisho, yameelekea kitanda cha mtoto. Hilo lisingekuwa neno kama betri zingekuwamo. Betri alikuwa amezitoa kwa mkono wake mwenyewe, na zilikuwa dirishani, zote.

"Springi inavuta," alijiambia, maana fundi hakosi jibu. Akayanyoosha magurudumu kwa kidole, akambeba mtoto, akaenda zake.

Alikuwa fundi wa redio mjini Busia. Kibanda chake kilishikana ukuta na nyumba, kando ya barabara ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Redio zilizonyamaza, pasi, taa za baiskeli, chochote chenye waya kililetwa kwake na kikapona. Kitu kimoja tu kilimshinda, na ndicho kilichomuuma kuliko vyote, nacho ni miguu ya Aidah. Polio ilimpata akiwa mchanga, na sasa akiwa na miaka minane miguu ile myembamba ilining'inia tu akibebwa. Mutwalibu alishahangaika hospitali na kwa waganga, na kila alikokwenda alirudi na huzuni zaidi. Angetoa chochote alichonacho amwone mtoto wake amesimama, na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

Lori lilitoka kwa familia ya Kihindi iliyofukuzwa Kampala mwaka wa sabini na mbili. Gari lao lilizimika mbele ya kibanda, na Mutwalibu alipokuwa akilihangaikia, mama wa familia ile alimwona Aidah barazani, akateremsha kutoka mizigoni lori jekundu la bati, refu kama mkono wa mtu mzima, akalitua miguuni pake. Liliongozwa kwa mawimbi ya redio. Aidah alipakata kisanduku chenye antena na vijiti viwili, kimoja cha kwenda mbele na nyuma, kingine cha usukani, na lori likaenda. Tangu siku ile halikuwa kichezeo tena. Alilituma jikoni kwa mama yake, alilituma kibandani kwa baba yake, na lilikuwa ndiyo miguu yake.

Ila usukani ulikuwa dhaifu. Ile mashine ndogo inayokunja magurudumu, ambayo mafundi huiita sevo, ilikuwa na mota isiyo na nguvu na meno ya plastiki yaliyokwisha kuliwa. Mwishowe lori likawa linakwenda lakini haliwezi kugeuka.

"Baba, linaenda tu," Aidah alilalamika. "Halinirudii."

Wiki hiyohiyo akaja Oluka, mchukuzi wa mizigo kule Malaba, na tepu rekoda iliyoviringwa kitambaa cheupe na kufungwa uzi mwekundu, mafundo juu ya mafundo. Ilinukia ubani.

"Boss, hii mashini iko sawa kabisa. Wewe kata tu kamba."

"Umeitoa wapi?"

"Ah, boss! Hapa ni border. Vitu hutoka tu."

Na kweli, mpakani pale bidhaa za magendo zilifungwa kwa namna elfu, na hakuna kilichotupwa iwapo ng'ambo ya barabara yuko wa kukinunua. Mutwalibu alimlipa, akakata uzi kwa koleo huku akipiga mluzi. Hata bismillahi hakutamka. Ndani mlikuwa na mkanda, akaujaribu, akasikia watu wakisoma dua, kisha dua zikakoma na kukabaki mtu akipumua. Akautupa kwenye debe la takataka. Alichotaka ni ile mota, nzito, yenye meno ya shaba. Aliichonga, akaichomea waya, akaipachika mahali pa ile dhaifu, na kufikia alasiri lori liliweza kulizunguka sinia sakafuni bila kuligusa. Aidah alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Asubuhi yake ndipo Mutwalibu alipoyakuta magurudumu yamegeukia kitanda.

Siku zilizofuata Zulaika, mkewe, alianza kuuliza nani anafukiza ubani nyumbani mwake. Hakuna aliyefukiza. Harufu ilitoka chini ya kitanda, na pamoja nayo kulikuwa na mvumo mdogo, kama mwanamke anayeimba akiwa amefunga mdomo. Kisha wote wawili wakaona jambo ambalo kila mmoja alikuwa amelificha kwa mwenzake. Zulaika alipompitisha mtoto mbele ya lori, magurudumu yalimfuata. Alipomhamishia upande wa pili, zzzz, yakageuka yakamfuata tena.

"Baba Aidah," Zulaika alinong'ona, "hiyo si springi. Springi haimjui mtu."

Mutwalibu aliinama. Alilibeba lori akalifungia kibandani, akatia kufuli.

Jioni moja mvua ilishuka kabla ya adhana ya magharibi. Upepo uliizima taa, na Mutwalibu akiwa anapapasa kiberiti alisikia mvumo ule ukitoka kibandani, ukapita ukutani kana kwamba hakuna ukuta, ukaingia chumbani kwa Aidah, ukakaa, na harufu ya ubani ikawa nzito hadi ikamkwaruza koo, na njiti ya kwanza ikakatika, na ya pili ikakatika, na katikati ya ngurumo akasikia kitu ambacho masikio yake hayakuwa yamewahi kukisikia katika nyumba hiyo, nyayo ndogo zisizo na viatu zikipiga sakafu, moja, halafu nyingine, zikija.

Njiti ya tatu ikawaka. Aidah alikuwa amesimama mlangoni.

Zulaika alipiga ukelele. Mutwalibu alipiga magoti akalia kwa furaha, akamkumbatia mtoto, na kwa muda ule hakutaka kujua lolote jingine. Asubuhi majirani walikuja kushukuru pamoja nao. Aidah alitembea barazani mbele yao, na walipoondoka, Zulaika alimvuta mumewe akamwonyesha lori, ambalo hakuna aliyelitoa kibandani, likiwa pembeni ya mlango. Magurudumu yalipokunja kushoto, mtoto aligeuka kushoto. Yalipokunja kulia, naye kulia.

"Mama Aidah, anatembea," alisema Mutwalibu. "Wewe unataka nini zaidi?"

"Muulize yeye."

Aidah alikuwa akitetemeka. Usiku wote alikuwa amesimama wima kando ya kitanda, na nyayo zake zilikuwa zimechubuka. "Baba, si mimi natembea," alisema kwa sauti ndogo. "Natembezwa."

Maneno hayo yalimchoma Mutwalibu moyoni, hata hivyo aliona vigumu kufanya lolote. Zulaika ndiye aliyetuma watu Malaba kumwita Mwalimu Bashir, aliyejulikana pande zote mbili za mpaka kwa kutoa majini. Mwalimu alifika mchana, akapita kibandani, na kabla hajakaa aliliona gamba la tepu rekoda juu ya meza, bado na vipande vya uzi mwekundu.

"Nani alikuletea hii?"

"Oluka."

Mwalimu alifumba macho. "Nilimtoa huyu jini kwa mwanamke mmoja kule Malaba. Hakukubali kutoka bure, akaomba chombo, nikamfungia humo kwa dua. Oluka tulimpa akaitupe mtoni. Kumbe akaenda kuuza!"

"Anataka nini kwa mtoto wangu?"

Aliyejibu ni Aidah, mlangoni, kwa sauti ya mwanamke mzima aliyechoka. "Nimechoka kukaa kwenye chuma, mzee. Nilikuwa natafuta kiti. Nimepata."

Zulaika alishika ukuta. Mwalimu akaeleza polepole kwamba kiti ni mtu ambaye jini humpanda, na jini aliyekaa kwenye kiti muda mrefu hukiacha tupu. "Akiendelea hivi, hamtakuwa na mtoto. Mtakuwa na miguu inayotembea tu."

"Na ukimtoa?" aliuliza Mutwalibu.

"Ataondoka na alichokileta."

Mutwalibu alielewa. Alichukua bisibisi, akalifungua lori. Mwalimu alisoma, mvumo ukapanda mpaka vikombe vikalia kabatini, na Mutwalibu alipoikata waya ya mwisho Aidah alianguka sakafuni kama nguo iliyotoka kambani.

"Baba," alilia, na sauti ilikuwa yake. "Baba, miguu yangu imeenda wapi?"

Mutwalibu hakuweza kumtazama. Mwalimu aliiviringa mota kitambaa kipya, akaifunga uzi, akamkabidhi. "Safari hii peleka wewe. Itupe Mto Malaba, penye maji yanayokwenda. Na usimsemeshe, hata akikuita. Ukimsemesha, umemkaribisha."

Mutwalibu alipata lifti ya lori la chumvi. Njia nzima kile kifurushi kilikuwa na joto mapajani mwake kama yai lililotagwa sasa hivi, na kilinyamaza. Laiti kingemtukana au kumtisha, pengine angekitupa bila taabu. Alisimama ukingoni mwa mto jua likiwa limeanza kuinama, maji ya mvua yakipita mekundu, na kilichokuwa masikioni mwake hakikuwa jini bali ni mtoto wake akiuliza miguu imeenda wapi. Alikumbuka alivyomkumbatia akiwa amesimama. Alikumbuka uzito wake ulivyokuwa mwepesi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa amejibeba mwenyewe.

"Mrudishie miguu," alisema Mutwalibu. "Iwe yake, aitembeze mwenyewe. Ukitaka kiti, kiti ni mimi."

Ndani ya kitambaa, bila waya, bila betri, mota ilizunguka mara moja. Kisha ikapoa. Akaitupa, ikazama bila hata kurusha maji.

Hakukumbuka vizuri alivyorudi Busia. Alijikuta tu mbele ya nyumba yake, viatu vimejaa matope, hana uchovu hata kidogo, na Aidah akishuka barazani mbio, akijikwaa, akicheka, akiinuka, akija. Hakukuwa na lori karibu yake. Lilikuwa limelala kibandani matumbo nje. Alimrukia baba yake shingoni, na Zulaika alikuwa mlangoni akilia na kupiga vigelegele.

"Dua imekubaliwa, Baba Aidah! Mwalimu kaondoka tu, mtoto akasimama!"

Mutwalibu alicheka na kulia pamoja nao. Mtoto alikuwa wake, macho yake, jasho lake, harufu yake ya sabuni. Hakuna kilichokuwa kimepungua.

Aidah alirudi barazani akachukua kile kisanduku chenye antena. "Lori limekufa, Baba," alisema, akichezea kijiti cha usukani kwa mazoea. Alikisukuma kushoto.

Viatu vya Mutwalibu viligeuka kushoto.

Aliviangalia. Betri zilikuwa dirishani, aliziona kwa macho yake. Aidah naye aliona, akafurahi. Akasukuma kulia, na baba yake akageuka kulia, mzima mzima, mpaka akawa ameipa nyumba kisogo na kuikabili barabara, ambako malori yalikuwa yakiteremka kwa kasi kuwahi mpaka kabla haujafungwa. Harufu ya ubani ilimpanda puani.

"Mama, ona! Baba anafanya kama lori!"

Angeweza kupiga kelele. Mwalimu Bashir alikuwa bado mjini, angeitwa, angesoma, na jini angeondoka na alichokileta. Nyuma yake alisikia miguu ya Aidah ikirukaruka sakafuni, yote miwili, na kila kishindo kilikuwa kitamu kwake.

"Kiweke chini, mwanangu," alisema kwa upole, asimtishe. "Kiweke chini polepole, usikiguse tena."

"Mara moja tu, Baba."

Akakishika kile kijiti kingine, akakisukuma mbele, na Mutwalibu akaanza kutembea.