Elfu Tano Katikati ya Jangwa

Jiwe liliruka kutoka gurudumu la mbele likatoboa rejeta. Maji ya moto yakamwagikia tairi la nyuma, pikipiki ikateleza, ikawabwaga wote wawili mchangani.

Fundi cherehani aliinuka, magoti yamechubuka. Shemeji yake, mwenye pikipiki, alibaki amekaa, mkono wa kushoto ukining'inia.

"Mtulinga umevunjika. Siwezi kushika klachi."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Walikuwa wanakwenda kumwona mke wa shemeji, dada yake fundi, aliyejifungua juzi. Kituo cha afya cha karibu kilikuwa mbele, kilomita sabini za lami iliyofunikwa mchanga, na tangu alfajiri hawakukutana na gari hata moja. Maji yalikuwa chupa mbili.

Fundi alimfunga mkono kifuani kwa mtandio. Akachukua koleo chini ya kiti, akaubana mrija wa rejeta uliotoboka hadi ukabaki kutoa matone tu.

"Chupa moja yetu, moja ya rejeta," alisema shemeji. "Utaendesha wewe."

"Mimi nimezoea vile vipikipiki vya sokoni. Hili ni la mbio!"

"Basi tukae hapa tukauke."

Fundi aliiondoa pikipiki kwa woga. Sindano ya mizunguko ya injini ikashuka hadi elfu mbili, injini ikatetemeka, ikazima. Mara ya pili akavuta mafuta kwa hasira. Sindano ikaruka elfu tisa, tairi likachimba mchanga, joto likapanda.

"Punguza, shemeji! Hii ukiibembeleza inalala, ukiichapa inachemka. Ishike elfu tano. Ikishuka nne, rudisha gia. Ikipita sita, panda gia."

"Na macho niweke wapi?"

"Barabarani. Sindano isikilize."

Hilo aliliweza. Miaka kumi na mitano alikuwa ameshona magunia na maturubai. Alijua mashine inavyoguna ikizidiwa, na inavyolia ikikimbizwa bure. Akaitafuta sauti ya katikati, akaipata, akaing'ang'ania.

Kila kilomita kumi walisimama. Walisubiri chuma kipoe, wakafungua kifuniko kwa kitambaa, wakamimina kidogo, wakaendelea. Jua liliwachoma shingo. Vidole vya fundi vikafa ganzi juu ya klachi. Nyuma yake shemeji aliacha kuelekeza, akabaki akiguna kila shimo lilipowarusha.

Waliposimama mara ya tano, chupa ya rejeta ilikwisha. Yao ilibaki nusu.

"Kunywa wewe," alisema shemeji, amefumba macho.

Fundi aliitazama chupa kwa muda mrefu. Akamlowesha midomo shemeji, akalamba matone yaliyobaki kifunikoni, na maji yote akayamimina kwenye rejeta.

Mbele kukawa na mlima. Sauti ya injini ikazama, akarudisha gia. Ikazama tena, akarudisha nyingine. Taa nyekundu ya joto ikawaka. Kila kiungo mwilini kilimwambia avute mafuta amalize. Hakuvuta. Wakapanda polepole, tano, tano, tano, mpaka kileleni, na chini yao bati la kituo cha afya likameremeta.

Mganga alitoka mbio. Ilibidi amfungue fundi vidole kimoja kimoja kutoka kwenye usukani.

"Nani alikuwa dereva?"

"Huyu," alisema shemeji. "Mimi nilikuwa mzigo."

Kwa miaka saba ya ushemeji wao, fundi hakuwahi kumsikia akijishusha. Alitaka kucheka, midomo ikapasuka. Akaketi sakafuni, akashika kwa viganja kata ya maji aliyopewa, akanywa taratibu.