Mshitakiwa wa Serikali

Jumatano asubuhi soko la wanawake la Ibra, Omani, hujaa pomoni, na mwanamume hatii mguu. Hud alitia yote miwili. Dishdasha yake mpya, kanzu ya Kiomani, ilikuwa bado na mikunjo ya dukani, na alikuwa akipapasa vitambaa vya hariri huku wanawake wanamkodolea macho.

"Umepotea, au mkavu wa macho tu?" Shurooq alimwuliza kwa Kiarabu.

"Samahani, dada, Kiarabu sijui. Mimi wa Amerika. Kiswahili kidogo, cha bibi yangu wa Unguja."

Shurooq, mwalimu wa chuo mwenye shela ya zambarau na macho ya uchokozi, ambaye kwao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, akamtoa nje akicheka mpaka machozi. Hawakuachana bila nambari za simu.

"Umekula, habibi?" Shurooq akamwuliza kwenye simu usiku.

"Nimeshiba sauti yako."

"Mwongo we! Mawakili nyote waongo."

Zaidi ya uwakili hakumwuliza, alikuwa keshapenda. Lakini Shurooq ni mtoto wa pekee wa mjane, na bila ridhaa ya mama hakuna ndoa. Hud akaenda kujieleza.

"Shikamoo, Bi Rahila."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako nini huko?"

"Mshitakiwa wa serikali," Hud alijibu kwa fahari. "Watu wamenichagua mara mbili."

"Ya Rabbi! Kesi gani?"

"Wizi, dawa za kulevya. Siku hizi mauaji tu."

Bi Rahila akaweka chini kikombe cha kahawa. "Khalas, yamekwisha. Nenda salama."

Shurooq alipoambiwa alilia, akagoma kupokea simu za Hud, kisha hasira zikamshinda akampigia mwenyewe.

"Umemuua nani, Hud?"

"Mimi? Mimi nawapeleka wauaji mahkama!"

Shurooq akaangua kicheko. "Basi wewe mshitaki, bwana wee! Mshitakiwa ndo huyo unayempeleka!"

Hud akaitwa tena. Bi Rahila naye alicheka, kisha uso ukamwinama. "Kazi ya heshima. Lakini Amerika mbali. N'tabaki na nani mie?"

"Kwetu kazi hii hupigiwa kura. Uchaguzi ujao sigombei," Hud alisema. "Nitatafuta kazi Maskati."

"Kazi unayoipenda hivyo?" Shurooq akamkatiza. "Gombea. Mimi nakuja nawe. Na mama pia."

"Kwenye baridi ile? Abadan!" Bi Rahila alijifuta macho kwa ncha ya shela. "Lakini Ramadhani zote mnafunga kwangu."

"Zote, mama," Hud aliahidi.

"Haya, mwambie mama yako aje kuposa."

Shurooq akakimbilia jikoni kujifanya anatafuta sukari, maana furaha ilikuwa imemjaa usoni, na mama yake alikuwa bado analia.