Nyuzi za Buluu katika Asali ya Mwanarusi

Pale Kinondo, ukitaka kumkasirisha Mwanarusi, muulize kama asali yake ina sukari. Alikuwa amerina asali kwa miaka ishirini, na hajawahi kushikwa akichanganya. Jambo hilo aliwaambia hata wasiomuuliza.

Siku hiyo alikuwa akitayarisha asali ya mzazi. Binti yake Fauzia alikuwa amejifungua juzi, na uji wake wa pilipili manga ulikuwa tayari. Mwanarusi aliipasha moto asali, akaikamua kwa gunia la sukari la nailoni. Kisha akaimimina, ingali moto, katika chupa za plastiki za maji zilizookotwa nyuma ya hoteli.

"Hodi! Shikamoo, mama," aliita Husna, jirani anayefundisha ufugaji wa nyuki.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uonje."

Husna hakuonja. Aliitazama chupa, ilikuwa imenywea kwa joto. Aliomba maji ya uvuguvugu, akakoroga asali kidogo humo, akaichuja kwa kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa zilibaki nyuzi za buluu. Mwanarusi aliligeukia gunia lake. Lilikuwa na mistari ya buluu.

"Hizi tunaziona," alisema Husna. "Nyingine ni ndogo mno, jicho haliziwezi. Plastiki ikichakaa au ikipata moto humeguka. Na mizinga umeifunika kwa kitu gani?"

"Kwa magunia hayo hayo. Mvua, mwanangu."

"Nyuki huyatafuna, mama. Vipande vingine hubaki mzingani."

"Vitamdhuru Fauzia?"

"Sitakutisha. Vimeonekana katika damu ya watu. Wataalamu wanashuku kwamba huuchokoza mwili ukavimba kwa ndani. Bado wanachunguza. Lakini kuvipunguza, tunaweza leo."

Mwanarusi aliona haya. Akaiweka kando asali yote ile.

Ulibaki mzinga wa mumewe, Matano, uliofunikwa kwa makuti. Matano aliona uvivu kutafuta gunia, na kwa mara ya kwanza uvivu wake ukafaa. Waliirina asali yake, wakaiacha ijichuje yenyewe katika chujio la chuma, bila moto, wakaitia katika chupa za kioo. Husna alijaribu tena kwa kitambaa. Nyuzi za buluu hazikuonekana.

Fauzia alikunywa uji wake wote. Mtoto hakupewa, asali si ya mtoto asiyetimiza mwaka.

Wiki iliyofuata mteja mgeni aliinua chupa ya kioo, akauliza, "Haina sukari hii?"

Matano alikaa tayari kusikia kelele.

"Sukari sijatia kamwe," alijibu Mwanarusi taratibu. "Nilikuwa nikitia gunia lake. Nimeacha."